Mwajuma Wawili, Mstari Mmoja

Mwanangu Mwajuma,

Salamu nimekupa asubuhi ukikoroga uji, na kesho nitakupa nyingine mlangoni pa basi, kwa hiyo hapa nazipita. Alasiri imeshaadhiniwa. Wewe na mama yako mmekwenda Ikwiriri kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua hamtarudi kabla ya magharibi, maana kila shangazi ana chai yake na kila chai ina maneno yake. Nimebaki na nyumba kimya. Somo yuko barazani anasuka ukili wa mkeka. Mimi niko chumbani, nimefunga mlango kama mwizi, naandika.

Usiishangae karatasi kwa matundu yake ya pembeni. Ni ile ya printa ya zamani, iliyobaki siku mradi wetu wa afya ulipofunga milango. Nimeitunza miaka yote hii bila kujua naitunzia nini.

Sitakuandikia habari za kula, kuvaa wala kuswali. Hayo mama yako ameshakuambia mara saba, na kesho atakuambia ya nane. Wala sitakuambia ujihadhari na watu wa Mtwara. Kwa ulimi wako huo, watu wa Mtwara ndio wajihadhari. Nitakuandikia juu ya kazi, kwa kuwa ndiyo niijuayo, na juu ya Somo, kwa kuwa yake ndiyo niliyoyaficha.

Ilipokuja barua kwamba hospitali ya huko imekuchukua, ukae na kompyuta, utunze majina ya wagonjwa, uliniona nilivyofurahi. Niliwaambia majirani wote, hata wale tusiosemezana nao. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Lakini nilipoingia bafuni kuoga nilikaa juu ya ndoo nikalia mpaka maji yakapoa. Mama yako akagonga akauliza kama nimeteleza. Nikasema sijambo.

Sasa nisikilize. Mengine unayajua, lakini nataka yaandikwe, kwa sababu mimi ni karani na jambo lisiloandikwa naliona kama halikuwa.

Somo ni binti wa marehemu kaka yangu Bakari. Mlizaliwa mwaka mmoja, yeye amekutangulia miezi mitatu. Bakari alimpa binti yake jina la mama yetu, na mimi nikakupa wewe jina lile lile, kama tunavyofanya sisi. Hakuna aliyeona ajabu. Mama yetu alikuwa akikaa katikati yenu kama tajiri, anasema amejigawa vipande viwili na bado amebaki mzima. Bakari alipofariki hamjaota meno, mjane wake akarudi kwao, na mtoto akabaki kwetu. Mlipoanza kusema mkaitana somo, kama waitanavyo watu wa jina moja. Kwako jina hilo halikukaa, kwake likakaa, na leo hata muuza samaki anamwita Somo.

Siku waandikishaji wa mradi walipofika Mkongo, tulipokuwa tukiishi wakati huo, mimi nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimeshaajiriwa katika mradi huo huo wa afya, karani wa kompyuta, nimepanga chumba hapa Kibiti na kurudi Mkongo siku za mapumziko. Kijana mwandikishaji akawaona nyinyi wawili mmekaa mkekani mnagombania muwa. Akaniuliza, "Bwana Saidi, huyu wa pili wa nani?"

Nikamwambia, "Wote wangu. Andika Mwajuma Saidi na Mwajuma Saidi."

"Utanichanganyia kazi, bwana."

"Changanyikiwa tu. Mie mwanangu simwiti yatima kwenye karatasi."

Nilisema hivyo mbele ya mama yangu, naye akanitazama kwa macho ya kuridhika. Nimetafuta sana maishani mwangu mahali pa kuanzia kujilaumu, na kila mara narudi pale mkekani, na pale sioni kosa. Yote yalianzia kwenye upendo, mwanangu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Orodha ile ya kwenye mashine sisi tulikuwa tukiiita databesi. Naona vitabu vyenu vinaandika hifadhidata, jina lenye heshima zaidi, lakini kitu ni kile kile. Kila mtu ana mstari wake mmoja. Katika mstari kuna jina, jina la baba, jinsi, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, na mwisho kabisa kuna safu ya hali. Hali tulikuwa nazo tatu tu: yupo, amehama, amefariki. Nilikuwa napenda safu ile. Jenereta linanguruma nje, jasho linanitoka, na mimi nachapa yupo, yupo, yupo, najisikia kama ndiye niliyewaweka.

Nilikuwa na vidole vyepesi, na nilikuwa na kiburi cha vidole hivyo. Mtu wa polepole alinikera. Mengine niliyoyafanya kwa haraka yalikuwa mazuri, na hayo nakurithisha. Kwa mfano, niligundua kuwa mwandikishaji mmoja anaandika Mohoro, mwingine Muhoro, wa tatu Mohoru, na mashine, ambayo haina akili ya kusamehe, inahesabu vijiji vitatu. Nikatengeneza orodha ya vijiji, mtu achague badala ya kuchapa. Kazi ya siku nzima ikawa ya asubuhi. Kwa hiyo penye majibu yanayojulikana, usimwachie mtu ayabuni kila mara. Na jambo moja usiliandike mahali pawili, maana siku ya kulisahihisha utakumbuka hapa usahau pale. Na nafasi iliyoachwa tupu usiijaze kwa kukisia. Tupu maana yake hatujui. Tupu si hapana.

Ningeishia hapo ningekuwa baba mzuri mwenye busara. Bahati mbaya karatasi bado ndefu.

Kulikuwa na tatizo moja la kwetu, ambalo wataalamu waliounda programu ile hawakulijua. Watu wetu wana makao mawili. Nyumba iko kijijini, lakini mpunga ukianza kuchanua bondeni, familia nzima inahamia shambani, inalala juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Waandikishaji walikuwa wakiwakuta watu kijijini wakawaandika, kisha miezi ikipita wanawakuta madunguni wanawaandika tena. Kwa hiyo tulikuwa na watu wengi walioingia mara mbili. Chanjo ya surua ikawa inakaribia, na orodha ya watoto ilipaswa kutoka kwenye mashine yetu. Msimamizi wetu, mtu mpole kutoka bara, akaniita akasema tulinganishe majina na fomu za karatasi, moja moja, tuwaondoe waliorudiwa. Akatupa wiki mbili.

Nikamwambia, "Mzee, nitamaliza kabla ya chai ya saa nne."

Methali ya haraka na baraka nilikuwa naijua tangu darasa la kwanza. Shida ya methali ni kwamba kila mtu hudhani inamsema jirani.

Niliiandikia mashine amri moja. Popote ukiona jina ni lile lile, jina la baba lile lile, kijiji kile kile, mwaka ule ule, acha wa kwanza, futa wa pili. Nikabonyeza. Ikafikiri kidogo, ikasema tayari. Mamia ya mistari yaliondoka, na mimi sikusoma hata jina moja.

Hili ndilo nitakalo ulishike kuliko yote, Mwaju. Kabla hujaiambia mashine futa, iambie nionyeshe. Masharti ni yale yale, hubadilishi hata neno, unabadilisha amri tu. Itakuletea wote unaotaka kuwaondoa, wamepangwa mbele yako. Wasome. Wasome kwa mdomo, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Ningefanya hivyo ningefika Mkongo, ningemkuta Mwajuma Saidi, na chini yake Mwajuma Saidi, na ulimi wangu ungekataa. Nisingehitaji fomu. Wale ni watoto walionilalia kifuani.

Na ukishasoma, bado usifute. Mwekee alama kwamba unamshuku, mwache akae hapo wiki, mwezi, mpaka mtu aliyemwona kwa macho akuthibitishie. Majina yetu sisi hayatoshi kumtambulisha mtu. Tunaitwa kwa bibi na babu zetu, tunalelewa na wasiotuzaa, tuna jina la chuoni na jina la utani. Kila mtu umpe namba yake, na namba ya mmoja usimpe mwingine hata kama mwenyewe amekufa.

Kosa la pili nililifanya dakika tano baadaye, nikidhani natenda jema. Nilichukua disketi yangu ya akiba, ile moja niliyokuwa nayo, nikanakili kazi mpya juu ya ile ya zamani. Basi ile orodha iliyokuwa na nyinyi wawili ikafutika mara ya pili, na safari hii niliifuta kwa kujilinda. Wewe usifanye hivyo. Nakala ya leo isikalie ya jana. Weka za siku kadhaa, na moja isilale chini ya paa moja na kompyuta. Tena mara moja moja ujaribu kuzifungua, uone kama kweli zinafunguka.

Chai ya saa nne ilinikuta nimeegemea kiti. Msimamizi alifurahi mno. Mwisho wa mwezi wakanipa zawadi mbele ya wafanyakazi wote, ile saa ya ukutani iliyopo sebuleni, ya kugonga. Unajua nani anayeipenda saa ile humu ndani. Somo huijua alasiri kwa mlio wake, akaanua nguo kabla mama yako hajasema.

Siku ya chanjo nilisimuliwa na bibi yako, na nilisimuliwa mara nyingi mpaka naiona. Mlitoka bondeni asubuhi, mkapanda mpaka Mkongo, kwenye banda la soko. Mhudumu alikuwa na orodha yetu, imechapwa vizuri, karatasi kama hii. Akaita Mwajuma Saidi. Ukaenda wewe, ukachomwa, ukalia kidogo. Kisha mama yangu akamsogeza Somo mbele.

"Huyu jina lake nimeshalikata," mhudumu akasema.

"We bwana, hao wawili. Yule wa Saidi, huyu wa marehemu Bakari. Jina langu mie, nimewagawia."

"Bibi, karatasi ya kompyuta ina Mwajuma mmoja wa nyumba hii. Na dozi nimeletewa kwa hesabu ya majina."

"Basi karatasi yako ina njaa, imemla mmoja!"

Watu wakacheka. Na Somo, bibi yako aliniambia, Somo alicheka kuliko wote. Alikuwa na miaka tisa, amekwepa sindano. Alikimbia mpaka bondeni anakucheka wewe na mkono wako unaouma.

Mama yako hakuridhika. Alinitumia kikaratasi kwa dereva wa lori la mpunga, na kikanifika jioni ile ile. Kiliandikwa: Somo hakuchanjwa, wanasema kwenye orodha yupo Mwajuma mmoja tu, tufanyeje? Nilikuwa nimesimama mlangoni pa ofisi. Mashine iko nyuma yangu, hatua sita. Ningegeuka, ningeiwasha, ningeangalia nyumba yangu mwenyewe. Lakini jenereta lilikuwa limeshazimwa, nilikuwa na njaa, na zaidi ya hayo nilikuwa mtu aliyepewa saa. Niligeuza kikaratasi nikaandika nyuma: Orodha ni sahihi. Kama hakuchanjwa jina lake lingetoka. Labda alichanjwa zamani mkasahau.

Nikamrudishia dereva. Hilo ndilo jibu langu kwa mama yako, mtu aliyekuwa amemkamata mtoto mkono, anamwona, anajua. Nilimwambia kwamba macho yake yamekosea na karatasi yangu imepata.

Bibi yako alikitunza kikaratasi kile. Nilikikuta kwenye sanduku lake tulipokuwa tunagawa nguo zake, kimefungwa pembeni mwa kanga pamoja na pete yake. Hakuwahi kunitajia. Sijui alikitunza kwa kunishtaki au kwa sababu kina mwandiko wa mwanawe. Mwaju, nimeogopa mambo mengi, lakini sijaogopa kitu kama kipande kile cha karatasi.

Surua iliingia madunguni kabla ya mavuno. Unakumbuka wewe? Ilimpata Somo. Ulikuwa unalala naye ubavuni, na wewe haikukugusa. Niliitwa siku ya nne. Nilimbeba kwa baiskeli, nimemfunga mgongoni kwa kanga mbili, mpaka Ikwiriri, na kutoka pale tukapata gari. Njiani alikuwa ananiuliza kwa nini giza limeingia mapema. Ilikuwa saa sita mchana. Nikamwambia mawingu.

Hospitalini walifanya waliyoyaweza. Homa ikaisha, vipele vikakauka, mtoto akaanza kuomba chakula. Macho hayakurudi. Daktari aliponiambia nilimuuliza kama kuna dawa Dar es Salaam, akatikisa kichwa. Akaniuliza, kwa upole tu, kwa nini mtoto hakuchanjwa. Nikamwambia sijui. Na siku ile nilikuwa kweli sijui.

Nilijua Jumatatu. Niliwasha mashine kabla ya wenzangu kufika, nikafungua nyumba ya Saidi, Mkongo. Mkuu wa nyumba, yupo. Mke wake, yupo. Mama yake, yupo. Mwajuma, yupo. Kisha nyumba ya jirani. Nilihesabu tena kwa kidole juu ya kioo. Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka mtu wa kufagia aliniuliza kama nimefiwa.

Nisikufiche, nilijaribu kutengeneza. Miezi minne mizima, wenzangu wakienda kula, nilikuwa natoa fomu za karatasi kabatini na kulinganisha. Kazi ya wiki mbili niliyoikataa, niliifanya kwa miezi minne, kimyakimya. Wengi walikuwa kweli wamerudiwa. Lakini wapo ambao walikuwa watu wawili, binamu kwa binamu, mashemeji, mapacha waliopewa jina moja na mwandikishaji mvivu. Nilimrudisha kila mmoja. Wawili wa Mohoro niliwafuata mwenyewe, nikakuta waliugua wakapona. Kwa kila niliyemrudisha niliandika tarehe na sababu, maana ndivyo taratibu zilivyotaka, na msimamizi alikuwa anatia saini bila kuuliza sana. Majina ya watu asiowajua, aulize nini?

Mmoja sikumrudisha.

Ningeandika nini kwenye sababu? Msimamizi alikuwa amekula wali nyumbani kwangu. Alikuwa anajua kwamba nina mtoto aliyepofuka kwa surua, alichanga hata nauli ya kumpeleka hospitali. Angeona jina langu, angeona tarehe, angeunganisha. Nikasema nitamrudisha wiki ijayo. Nikasema mwezi ujao. Mradi ukaisha, mashine zikafungwa kwenye maboksi, zikapakiwa, zikaenda zao. Katika orodha ile, popote ilipo, nyumba yangu ina Mwajuma mmoja.

Kufuta ilikuwa ajali ya mtu mwenye kiburi. Kumwacha hakukuwa ajali. Wa wenzangu niliwarudisha wote, wa kwangu nikamwacha nje, niliyesema simwiti yatima kwenye karatasi.

Ndiyo maana nakuambia uwe na daftari, mwanangu. Daftari la mkono, si la kwenye mashine. Kila unachobadilisha, andika: leo nimefanya hivi, kwa sababu hii, na nikikosea njia ya kurudi ni hii. Halitakuzuia kukosea, maana utakosea, wewe ni damu yangu. Litafanya kosa liwe na mahali pa kukaa. Kosa langu halikuwa na mahali, likaja kukaa nyumbani, likala nasi, likasuka ukili barazani. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, ungali na aibu ndogo. Aibu ikilala inaamka kubwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha miaka kumi na moja, na sijazaa kitu ila woga.

Huko uendako watakusifia wepesi wako. Usiwakatalie, wepesi ni neema, na foleni ya wagonjwa ni ndefu. Fanya haraka katika kuchapa. Fanya haraka katika kutafuta faili la mtu anayetapika dirishani. Lakini mtu akisimama mbele yako akasema mimi nipo, na mashine ikasema hayupo, simama. Inuka kwenye kiti. Amini mtu kwanza, kisha katafute ilikopotea mashine.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa wa mwoga. Nilitaka nikuombe kesho asubuhi umsomee Somo, mimi nikiwa nje nafunga mizigo. Nimejiambia ni mtu wako, mnaelewana, kwako atapokea vizuri. Nimefika hapa nimeona hapana. Nilimjibu mama yako kwa kikaratasi. Huyu nisimjibu kwa kikaratasi kingine, tena mkononi mwako. Unisubiri kidogo.

Nimerudi. 

Nilikaa chini, mkekani pake. Akajua ni mimi kabla sijasema. "Baba, leo hukuswali msikitini?" Nikamwambia nina barua ya Mwaju, nataka aisikie yeye kwanza. Akasema, "Soma." Nikamsomea yote, hata pale ninapomtania mama yako. Mwanzoni vidole vyake vilikuwa vinaendelea na ukili. Nilipofika kwenye banda la soko vikasimama.

Nilipomaliza aliupapasa ukili mapajani mwake. Kisha akauliza, "Bibi alijua?"

"Alijua kwamba mko wawili. Nani kafuta, sidhani."

"Na mama?"

"Hajui. Nitamwambia akirudi."

"Wale wengine uliwarudisha wote?"

"Wote."

"Mie ukaniacha."

"Nilikuacha, mwanangu."

Alishika ukili wake akaukunja, pole pole, kama anayemaliza kazi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hakunibembeleza, na sikutaka anibembeleze. Sikumwomba radhi kwa maneno ya kumlazimisha anijibu. Nilimwambia tu kwamba nimekosa. Saa ikagonga ndani. Akageuza uso kule.

"Ndiyo hiyo waliyokupa?"

"Ndiyo hiyo."

"Iteremshe."

Nimeiteremsha. Ukirudi utaona alama yake ukutani, rangi pale haijafifia. Usiulize mbele za watu, na mama yako mwache anisikie mimi kwanza. Sijui kuanzia leo Somo atajuaje wakati wa kuanua nguo. 

Nilipokuwa nainuka akanishika kanzu. "Sasa jina langu lipo wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba halipo, kwamba mashine ziliondoka na mimi sikuliweka.

"Basi niandike."

"Niandike wapi, mwanangu?"

"Hapo hapo kwenye hiyo barua. Mwaju ataipeleka."

Nikachukua kalamu, pale pale mkekani. Nikamuuliza, "Nikuandike Mwajuma nani?" Nilikuwa nimeshaanza herufi ya kwanza ya jina langu. Akafikiri. Akasema, "Bakari. Nisije nikachanganywa tena na somo wangu."

Nimeikata ile herufi, utaiona. Ni haki yake, na ni sahihi, hata mwandikishaji aliniambia. Lakini imeniingia, Mwaju, nisikudanganye. Nikamuuliza kama kwenye mlezi niandike mtu. Akapitisha kidole kwenye matundu ya karatasi, kisha akasema, "Mwandike Saidi. Si uongo."

Nasikia sauti zenu njiani, wewe na mama yako, mnacheka. Nakwenda kuwafungulia. Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako, kati ya vyeti na kanga ya bibi yako. Siku ya kwanza kazini, kabla hujagusa jina la mtu yeyote, uufungue ukurasa huu wa mwisho.

Baba yako, Saidi.

Jina: Mwajuma
Baba: Bakari
Mlezi: Saidi
Jinsi: mwanamke
Amezaliwa: Mkongo
Anaishi: Kibiti
Hali: yupo